Nimrudishieje Kijana Hadithi Yake ya Anga za Juu?

"Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Moshi. Kijana niliyemfundisha, ambaye sasa ana miaka 20 na yuko chuoni, ameniletea hadithi fupi ya kisayansi aliyoiandika mwenyewe, kurasa 14, akaniambia: 'Madam, nisomee, halafu uniambie ukweli.' Inaitwa 'Kamba ya Kibo'. Ni mwaka 2140, barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekwisha na kwa sababu hiyo mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachaga, imekauka. Kuna kamba iliyoshushwa kutoka anga za juu mpaka kileleni, na msichana aitwaye Aikaeli, mjukuu wa mgumu aliyekuwa akibeba mizigo ya watalii, anapanda kwa gari la kamba hiyo kwenda kituo cha juu kuleta barafu. Anaondoka asubuhi ili arudi jioni. Gari linakwama kwenye kimo cha kilomita 400, anatoka nje, anaachia mikono, anaelea huku akitabasamu, na hadithi inaishia hapo. Nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza tu, pembeni ya kamba, niliandika 'haiwezekani'. Pale anapoelea niliandika 'Kosa! Graviti bado ipo'. Istilahi zote za sayansi ameziacha kwa Kiingereza. Kwa jumla nimehesabu makosa 43. Ni mahali pamoja tu nilipoweka kalamu chini, pale babu anapogonga mfongo mkavu kwa fimbo 'kama mtu anayebisha hodi'. Anataka kuipeleka kwenye shindano baada ya wiki tatu. Nikimpa makosa yote nahofia ataacha kuandika, nikimsifu tu nitakuwa mnafiki, nami sikusomea fasihi. Nifanye nini?"

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nadhani ina hofu mbili ndani yake. Ya kwanza umeitaja waziwazi: hutaki kumvunja kijana moyo, wala hutaki kumdanganya. Ya pili umeipitisha haraka mwishoni, kwamba hukusomea fasihi, kana kwamba hilo linakuondolea haki ya kusema. Nitaanza na hii ya pili, kwa sababu naamini ndiyo iliyokushikisha kalamu nyekundu. Mtu asiye na uhakika na nafasi yake hukimbilia analolijua, nawe unajua kusahihisha mtihani.

Kutosomea fasihi hakukupunguzii kitu katika kazi hii. Sisi tulioisomea tulifundishwa kuchambua kwa fani na maudhui: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, falsafa ya mwandishi. Ni chombo kizuri kwa kitabu kilichokwisha kuchapwa, ambacho mwandishi wake hawezi tena kukigusa. Rasimu ni kitu kingine. Mtu akikuonyesha nyumba aliyoifikisha kwenye linta, hamkai mkajadili mapazia. Unamwambia kwamba ukuta wa jikoni umepinda. Miaka mingi iliyopita mhariri mmoja alinirudishia hadithi yangu ya kwanza ikiwa na maneno mawili tu juu yake: "Ujumbe haueleweki." Nilikaa na maneno hayo miaka minne bila kujua niyafanyie nini, maana hayakuniambia ni ukurasa gani uliomchosha, wala ni wapi alipoacha kumwamini mhusika wangu. Nilipokuja kuisoma tena niligundua kwamba nilikuwa nimesahau kusema kuwa msimulizi ni mtoto. Msomaji yeyote wa kawaida, hata muuza magazeti wa pale kwenye mnara wa saa hapa Arusha, angeniuliza, "Huyu anayesema ana miaka mingapi?", na mambo yangeishia hapo.

Kuhusu hofu ya kwanza, watu wengi hudhani kwamba maoni yana mizani moja tu, utamu upande huu na uchungu upande ule, na kwamba busara ni kuvichanganya: sifa kidogo, lawama kidogo, kisha sifa tena za kufungia. Vijana wanaifahamu mbinu hiyo vizuri kuliko tunavyodhani. Wakisikia "hongera sana" wanasubiri "lakini", na yote yaliyotangulia "lakini" wanayafuta. Ukiangalia vizuri utaona kwamba "kazi nzuri, endelea" na orodha ya makosa 43 vina upungufu mmoja: vyote viwili havimwambii mwandishi kilichompata msomaji wake alipokuwa akisoma. Hicho ndicho kitu ambacho hawezi kukipata peke yake, kwa kuwa tayari anaijua hadithi. Yeye akisoma "gari likakwama" anaiona kamba, anaiona baridi, anamwona Aikaeli na koti la babu yake. Wewe unaona maneno mawili. Hawezi kujua ni kiasi gani kimefika kwenye karatasi na ni kiasi gani kimebaki kichwani mwake mpaka mtu mwingine amwambie.

Orodha ndefu ina madhara mengine pia, hata kama kila kilichomo ni sahihi. Kila alama nyekundu ina ukubwa uleule, kwa hiyo koma iliyokosekana na kilele cha hadithi kisichosimama vinapata mstari mmoja mmoja. Mwandishi mchanga atafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: atarekebisha mepesi, yaani koma na tahajia, ajisikie amefanya kazi kubwa, na lile zito aliache lilipo. Tena baadhi ya sentensi atakazozinyoosha ziko kwenye kurasa ambazo huenda zikatupwa katika rasimu ijayo.

Basi tutenganishe mazito na mepesi. Nadhani nawe ulikua ukisikiliza hadithi za usiku. Msimulizi akianza "Hadithi, hadithi", sisi tulijibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Jibu lile ni mkataba. Wasikilizaji wanauita uongo uje, kwa hiari yao, lakini kwa sharti kwamba utamu ukolee. Sungura anaruhusiwa kusema kama mtu. Haruhusiwi kukimbia katikati ya hadithi ikiwa tangu mwanzo tumeambiwa kwamba mguu wake umevunjika, na watoto wangepiga kelele kama angefanya hivyo. Hadithi ya kisayansi inafungwa na mkataba huohuo. Msomaji anaruhusu jambo moja kubwa ambalo bado halijawezekana, kisha anadai kwamba yote yanayofuata yatokane na jambo hilo kwa mantiki.

Kwa hiyo "haiwezekani" ya ukurasa wa kwanza ifute. Kisayansi una hoja, kwani hatujui bado kutengeneza, kwa urefu kama huo, kitu chenye nguvu na wepesi wa kutosha kubeba uzito wake chenyewe. Lakini hiyo kamba ndiyo uongo tuliouita uje. Tena ni uongo wenye ukoo mzuri: Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliwaza mnara wa kufika anga za juu mwaka 1895, na mwaka 1960 mhandisi Yuri Artsutanov akalieleza wazo hilo kwa namna ya kamba inayoshushwa kutoka juu, kama alivyofanya kijana wako. Hata mahali alipopachagua panafaa, kwa sababu kamba ya aina hiyo inahitaji kuwa kwenye ikweta au karibu nayo, na Kibo iko nyuzi tatu hivi tu kusini mwake. Ingelala kidogo kuelekea kaskazini, basi. Na akitokea mtu wa kumwambia kwamba anga za juu si mambo ya huku kwetu, amkumbushe kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru.

Kazi yako inaanzia baada ya kamba. Chukua ile safari ya asubuhi hadi jioni. Unajua kwamba kituo kinachoonekana kimesimama mahali pamoja juu ya ikweta lazima kiwe kwenye kimo cha kilomita 35,786, na kwamba kufika huko kwa saa tano kunahitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 7,000 kwa saa. Ukimpa hesabu hiyo peke yake, atabadilisha namba moja na kuendelea. Mpe hesabu pamoja na swali. Gari likipanda kwa kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao msomaji anaweza kuupata akilini, safari itachukua siku saba na nusu hivi kwenda tu. Sasa fikiria babu yake Aikaeli. Wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hutumia kwa kawaida siku sita au saba, na wagumu wanapanda nao, kambi baada ya kambi, kila mmoja na mzigo wake wa kilo 20. Kosa hilo la fizikia likishanyooshwa, babu na mjukuu wanajikuta katika safari ya aina moja, ya siku nyingi, yenye vituo vya kulala na baridi inayozidi, bila mwandishi kulazimisha chochote. Mimi mhariri ningeona tu kwamba katikati ya hadithi kumepwaya. Nisingejua kwa nini, na nisingejua kwamba dawa imelala ndani ya mgawanyo wa namba mbili.

Tena kuna zaidi ya hapo. Kwenye kamba hiyo uzito hautoweki ghafla. Unapungua taratibu: kwenye kimo cha kilomita 2,600 na kidogo, baada ya saa 13 hivi za safari, mzigo wa kilo 20 utamlemea mbebaji kama wa kilo 10, na utaendelea kuwa mwepesi siku baada ya siku mpaka kituoni, ambako haulemei kabisa. Mjukuu wa mgumu anauhisi mzigo ukimwacha kidogo kidogo! Nilipopiga hesabu hiyo niliona wivu kidogo, nakiri, kwa sababu hadithi si yangu. Na hapa nawe ujihadhari kama ninavyojihadhari mimi. Ukimwambia, "Andika hivi", utakuwa umemnyang'anya hadithi kwa nia njema. Mwambie tu jinsi uzito unavyopungua, mchoree kama ulivyokuwa ukimchorea darasani, kisha unyamaze uone kama macho yake yatawaka. Yasipowaka, hiyo si hadithi anayotaka kuiandika, na iko huru isiwe hivyo.

Sasa tufike kwenye kilele, ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko makosa mengine 42 yakijumlishwa. Umeandika kwamba graviti bado ipo, na ni kweli: kwenye kimo cha kilomita 400 graviti ni asilimia 89 hivi ya ile ya ardhini. Wanaanga wanaozunguka kwenye kimo hicho wanaelea kwa sababu wanaizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 7.7 hivi kwa sekunde, yaani wanaanguka muda wote lakini wanakwenda upande kwa kasi kubwa kiasi kwamba ardhi inajipinda chini yao kabla hawajaifikia. Aikaeli yuko kwenye kamba iliyofungwa mlimani. Anazunguka pamoja na mlima, kwa kasi ya nusu kilomita tu kwa sekunde. Akiachia mikono hataelea. Ataanguka, na baada ya dakika chache atakuwa ameingia kwenye hewa nzito kwa kasi ambayo hakuna mwili unaoistahimili.

Hapa nakuomba usimsahihishe. Muulize: "Ulijua kwamba akiachia pale ataanguka?" Akisema hakujua, basi alichokuwa akikitafuta ni picha ya msichana aliyetua mzigo wa ukoo mzima, na picha hiyo anaweza kuipata kihalali siku ya nane, kituoni, ambako kuelea ni jambo la kawaida. Au anaweza kumwacha kilomita 400, ameishika kamba, hawezi kuiachia, akiwa amegundua kwamba hata huko juu dunia bado inamvuta. Mwisho huo si mbaya hata kidogo. Akisema alijua, mambo yanabadilika kabisa, kwa sababu Aikaeli amejiachia afe huku akitabasamu, na kurasa 13 zilizotangulia, ambazo wewe ulizisoma kama safari ya ushindi, hazikutuandaa kwa hilo. Neno "Kosa!" lingeufunga mlango kabla hujajua ni hadithi ipi kati ya hizo mbili iliyo mikononi mwako. Jibu hilo la pili lina upande mwingine ambao nitaurudia.

Kuna jambo zito ambalo halimo katika 43 zako, pengine kwa kuwa si la fizikia. Safari nzima imesimama juu ya dai kwamba barafu ilipokwisha mifongo ikakauka. Barafu ya Kibo inakwisha kweli. Kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Lakini maji ya mifongo hayategemei sana barafu. Sehemu kubwa yanatokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, ikazama ardhini na kuibuka kwenye chemchemi za chini. Barafu inaweza kwisha yote na mfongo ukaendelea kutiririka mpaka kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ilimradi msitu uwepo. Mzee yeyote wa Marangu au Kibosho aliyewahi kungojea zamu yake ya maji atakwama kwenye ukurasa huo. Sentensi moja kuhusu msitu ulioungua inaweza kutosha kuliziba pengo. Inaweza pia kumfanya kijana ajiulize kwa nini basi Aikaeli anafuata barafu mbinguni badala ya kupanda miti, na swali hilo huenda likawa gumu kuliko anavyopenda. Mwulize na umwachie.

Hayo ni matatu: muda wa safari, kilele, na chanzo cha ukame. Yanatosha. Mengine ya fizikia, kama vile sauti kusikika pasipo na hewa au namba iliyokosewa kwenye mazungumzo, yaweke akiba, maana hakuna nguzo ya hadithi iliyoegemea juu yake.

Makosa ya lugha nayo yasubiri, isipokuwa hili la istilahi, kwa sababu linagusa sauti ya hadithi yenyewe. Usimlaumu. Sekondari tunafundisha fizikia kwa Kiingereza, na maneno hayo aliyapata kwako. Ana njia mbili za kutoka hapo. Moja ni ya kamusi: TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na humo ndimo yanamokaa maneno ya aina ya kanieneo, yaani 'pressure'. Ni maneno sahihi, yanafaa kwa msimulizi anayetaka kueleza kwa ufupi, lakini ukiyaweka mdomoni mwa msichana wa Kibosho aliyekwama na baridi yatanuka chaki. Njia ya pili ni ya mtaani. Watu wetu hawajawahi kungoja kamati ili wakipe chombo jina. Walisema daladala, wakasema kifodi, wakasema bajaji, na wakati wa sensa ya mwaka 2022 nchi nzima ilizoea kusema kishikwambi kana kwamba neno hilo lilikuwepo tangu zama za babu. Mwulize kijana wapiga debe wa kituo cha chini cha kamba wanaliitaje lile gari, na wagumu wa mwaka 2140 wanaliitaje joto linalozalishwa na breki zake. Mimi ningependelea mtaa kwenye midomo ya wahusika na kamusi kwa msimulizi, ingawa wapo wahariri wenzangu wasiokubali mchanganyiko huo.

Nimechelewa kufika kwenye lile ambalo kwangu ni habari kubwa kuliko zote katika barua yako. Uliweka kalamu chini. Katikati ya kurasa 14 za kuwinda makosa, babu alibisha hodi kwenye mfongo mkavu, na wewe uliacha kuwa msahihishaji ukawa msomaji. Mwambie hilo kwanza, na umwambie kwa usahihi huohuo ulionieleza mimi: ukurasa gani, sentensi gani, na kwamba mkono ulitulia. Usiliite "sehemu nzuri". Ukimwambia tu kwamba ana kipaji, hatajua la kufanya kesho asubuhi akikaa kuandika. Ukimwambia kwamba fimbo ya babu ilikusimamisha, atajua kwamba anaweza kuupitisha msiba mzima kwenye tendo dogo la mkono, na atalitafuta tendo la namna hiyo kwa ajili ya Aikaeli, ambaye, kwa jinsi ulivyonisimulia, anasafirishwa tu na gari.

Kabla ya kumwona, isome tena kwa mkao mmoja, bila kalamu nyekundu. Chukua penseli, na uweke alama tatu tu pembeni: mahali ulipotaka kuendelea haraka, mahali uliporudi nyuma kwa sababu hukuelewa, na mahali ulipoangalia saa au ulipokumbuka daftari za kidato cha tatu zinazokusubiri. Hakuna shahada ya fasihi inayohitajika kwa kazi hiyo.

Umeniuliza ufanye nini, hukuniuliza ufanyie wapi, lakini mahali pana uzito wake. Maoni ya maandishi yana faida kwamba anaweza kuyarudia, ila hayana sauti yako, na sentensi uliyoiandika kwa upole huweza kusomwa usiku wa manane kama hukumu. Ujumbe wa sauti kwenye simu una sauti, lakini haukuruhusu kuuona uso wake wala kumngoja ajibu, na kwa kuwa maoni ninayokushauri ni maswali zaidi kuliko majibu, haufai sana. Mwone ana kwa ana kama anaweza kuja Moshi mwisho wa juma, halafu umpe karatasi moja yenye yale mambo matatu. Msikutane kwenye ofisi ya walimu. Pale atakuwa mwanafunzi tena, atasema "ndiyo, Madam" kwa kila jambo na hutajua lolote. Kaeni mahali penye chai.

Anza kwa kumsimulia hadithi yake mwenyewe: "Nilivyoielewa mimi, hii ni hadithi ya msichana anayetaka kutua mzigo ambao babu yake hakuweza kuutua. Nimekuelewa?" Akishangaa, umeshampa maoni makubwa kuliko yote, kwa kuwa amegundua kwamba kilichofika kwako sicho alichokituma. Akikubali, mna kipimo cha pamoja, na kila swali linalofuata mtalipima kwa hilo. Kisha babu na fimbo. Kisha yale matatu, ukianza na safari kwa sababu ndiyo yenye zawadi ndani yake. Ukiona anajitetea, usishindane naye. Mwandishi anayeeleza kwa kirefu "nilichomaanisha ni hiki" mara nyingi anakutajia sentensi ambazo hazimo kwenye karatasi. Mwambie kwa upole kwamba hayo anayoyasema sasa hukuyakuta humo.

Kuhusu shindano, wiki tatu zinatosha kurekebisha safari, kilele na chanzo cha ukame, na siku mbili za mwisho zibaki kwa tahajia. Hazitoshi ikiwa atagundua kwamba hadithi aliyotaka kuiandika ni nyingine kabisa. Ikitokea hivyo, kwa maoni yangu ni bora aikose tarehe hii kuliko kuituma ile asiyoiamini tena, ingawa uamuzi ni wake, na wapo vijana ambao bila tarehe ya mwisho hawamalizi kitu. Akikuuliza kama itashinda, usikisie. Hujui wengine wameandika nini, na neno lako lina uzito kwake kuliko la jaji asiyemjua. Na akifika mahali pa kutaka kuchapa, aonane na mhariri wa Kiswahili ana kwa ana, akae naye na mswada mezani. Hiyo ni kazi ya malipo, na haifai kuibebesha fadhila ya mwalimu.

Sasa lile jibu la pili nililoliahirisha. Waandishi vijana huua wahusika wao mara kwa mara, na katika hali nyingi maana yake ni kwamba walitafuta mwisho mzito wakakosa mwingine. Usimchunguze kijana kama mshukiwa kwa sababu ya ukurasa mmoja. Lakini akikuambia kwamba alijua Aikaeli ataanguka, halafu ukamwona akiongea juu ya tabasamu lile kana kwamba ni la kwake, au ukakumbuka kwamba siku hizi amejitenga, halali vizuri, anagawa vitu vyake, weka karatasi pembeni. Mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru; kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake siku hiyo, na mfuatane mpaka hospitali ya rufaa iliyo karibu, au kwa mshauri nasaha wa chuo chake kama anafikika mapema, pamoja na ndugu anayemwamini. Hadithi itangoja.

Kama hakuna hofu ya namna hiyo, mpe nakala safi isiyo na alama, pamoja na ile karatasi moja. Yenye wino mwekundu ifungie kabatini. Rasimu ya tatu ikifika, itoe, muikunjue pamoja mezani, mhesabu ni alama ngapi kati ya zile 43 ambazo bado zina sentensi ya kukaa juu yake.